Kijani ambacho kitunguu hakina

Mtoto wa miaka kumi ameinama juu ya hadubini. Jicho moja amelifumba, jingine kalibana kwenye lenzi. Chini yake kuna ngozi ya kitunguu iliyotiwa tone la iodini. Anatazama kwa karibu dakika nzima, kisha anakaa na kuanza kuchora.

Anachora umbo refu lenye pembe. Anatia kiini. Halafu anaokota penseli ya kijani, anaweka vidoa kumi na kitu na kuandika pembeni kwa mwandiko mzuri: kloroplasti.

Kloroplasti ni vile vidonge vya kijani ambavyo mmea hutengenezea chakula. Kwenye ngozi ile hakuna hata kimoja.

Hakuziona, na asingeweza kuziona. Tabaka nene za kitunguu hukua bila kupata mwanga, na kazi yake ni kuweka akiba ya chakula, si kukitengeneza. Mtoto amechora mchoro wa kitabuni, ule alioukopi juzi kutoka ubaoni. Macho yalimwambia hivi, kumbukumbu ikamwambia vile, na kumbukumbu ikashinda.

Kinachonisumbua wiki kadhaa sasa si kosa lake. Ni kwamba mchoro ule, katika mtihani wowote, ungepata alama zote.

## Picha iliyotangulia

Somo la seli, vile vyumba vidogo vinavyounda kila kiumbe hai, huanza vilevile karibu kila mahali. Ubaoni panachorwa maumbo mawili. Kushoto kuna boksi la kijani, ndiyo seli ya mmea. Kulia kuna duara lisilokamilika vizuri, ndiyo seli ya mnyama. Mishale inatoka kila upande, watoto wanaandika majina, wanayakariri. Hadubini, kama ipo, huletwa mwisho.

Ikija mwisho inakuwa muhuri tu. Mtoto anainama akiwa tayari na jibu, kwa hiyo hatafuti kitu. Anasubiri jibu lake lijitokeze, na lisipojitokeza anajazia mwenyewe.

Nao mchoro wenyewe una hila zake. Unakusanya katika seli moja vitu ambavyo seli nyingi hazinavyo kwa pamoja. Unaweka kiini katikati, wakati katika seli ya mmea iliyokomaa kiini mara nyingi kimesukumwa pembeni na vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Mitokondria, zile sehemu ndogo zinazoipatia seli nguvu, zinaonekana kubwa kama maharage. Zaidi ya yote, mchoro ni bapa, na mtoto anaondoka akiamini seli ni kitu bapa kama stempu.

Kwa hiyo nasema tugeuze mpangilio. Macho yatangulie, mchoro wa kitabu ufuate.

Rahisi kusema.

## Shaka langu

Mweke mtoto mbele ya hadubini bila kumwambia lolote, naye atakuchorea kiputo cha hewa. Nafikiri watoto tisa kati ya kumi, wakiachwa wenyewe, huangukia hapo. Kiputo ni duara safi lenye ukingo mweusi mnene, kinang'aa katikati, kinavutia kuliko kitu kingine chochote kwenye slaidi. Pembeni yake ngozi ya kitunguu ni kama kioo chenye mistari hafifu. Nani atashughulika na mistari hafifu?

Kumbe jicho tupu halitoshi. Mtoto asiyejua anatafuta nini haoni kitu, na mtoto aliyekwisha kuambiwa kila kitu haoni kitu pia. Kati ya hapo pana njia nyembamba, na nimeona inapitika kwa sentensi moja tu kabla hajainama: "Tafuta umbo linalojirudia, halafu unihesabie."

Sentensi hiyo haimpi jibu. Inamwondoa kwenye kiputo, kwa sababu viputo havijirudii kwa ukubwa mmoja wala havijipangi. Inampeleka kwenye mistari, na mistari ndiyo kuta za seli.

Mtoto huyu anafuata njia ambayo binadamu walipita. Mwaka 1665 Robert Hooke, Mwingereza, alikata kipande chembamba cha gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini aliyokuwa nayo. Aliona vyumba vidogo vilivyopangana kama masega ya nyuki, akaviita kwa neno la vyumba. Kiini hakukiona, wala kimiminika cha ndani, kwa kuwa seli zile zilikuwa zimekufa na kubaki kuta tupu. Lakini alihesabu! Alikadiria kwamba inchi moja ya ujazo ina zaidi ya vyumba bilioni moja. Kiini kilikuja kutambuliwa kama sehemu ya kawaida ya seli za mimea na Robert Brown mwaka 1831, miaka 166 baadaye. Na kwamba wanyama nao wameundwa kwa seli kama mimea, hilo lilisubiri hadi 1839, Theodor Schwann alipolisema waziwazi, mwaka mmoja baada ya Matthias Schleiden kusema hivyo kuhusu mimea.

Kuta kwanza, kiini baadaye, wanyama mwisho. Mpangilio huo haukupangwa na mtaala. Ulipangwa na ugumu wa kuona, na ugumu huo bado ni uleule kwa mtoto wa leo.

## Maneno yanayotangulia macho

Kuna kikwazo kingine kinachotuhusu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili, nacho ni kwamba maneno yetu mengi ya seli yana kazi nyingine nyumbani.

"Seli" ni chumba cha mahabusu. Hili si baya, linakaribiana na alichokusudia Hooke. "Chembe hai" ndilo linaloleta shida zaidi, maana chembe ni kama punje ya mchanga: kitu kigumu, kidogo, kisicho na ndani. Mtoto aliyeanza na neno hilo hashangai kuambiwa seli ni ndogo. Anashangaa kuambiwa ina vitu ndani yake. Na mara nyingi hajui kwamba "chembe nyekundu za damu" anazozisikia hospitalini ni seli zilezile za darasani.

"Ukuta" na "utando" huchanganya kwa namna ya ajabu. Kwa mtoto, ukuta huzuia na utando haujaweza kuzuia kitu. Utando ni ile ngozi laini inayotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, au nyuzi za buibui. Kwenye seli mambo ni kinyume. Ukuta wa seli hupitisha maji na vitu vingi vilivyoyeyuka bila kuuliza. Kazi yake ni kushika umbo. Utando, mwembamba kiasi hicho, ndio bawabu. Usipolisema hili kwa mdomo, mtoto atajibu maswali yake yote ya baadaye kinyumenyume.

Halafu kuna kiini.

Kiini cha yai kila mtoto anakijua: ile sehemu ya njano. Tukimwambia seli ina kiini, saitoplazimu (kile kimiminika cha ndani) na utando, anapata picha ya yai moja kwa moja, nasi tunafurahi, tena wengi wetu tunautumia mfano huo kwa makusudi. Ila mfano unavunjika vibaya. Ile njano nzima ya yai la kuku ndiyo seli yenyewe, seli moja kubwa iliyosheheni chakula cha akiba. Ute mweupe na ganda viliongezwa nje yake. Na kiini cha seli, kwa maana ya sayansi, kimo ndani ya kidoa cheupe chenye upana wa milimita chache kilichoko juu ya njano. Pasua yai bichi ambalo halikurutubishwa kwenye sahani, ligeuze taratibu, utakiona kidoa hicho.

Ningemwonyesha mtoto hivyo hivyo, na kumwambia bila kuzunguka kwamba neno moja limepewa vitu viwili.

## Ngozi ya kitunguu, bila haraka

Kata kitunguu mara nne kwa wima. Chomoa tabaka moja nene, si lile ganda kavu la nje. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyororo inayopitisha mwanga. Livunje tabaka nusu kuelekea nje. Ngozi hiyo itabaki ikining'inia. Ivute kwa kibanio, ukate kipande kisichozidi nusu sentimita kila upande. Kipande kikubwa hujikunja, na kilichojikunja kinaonyesha seli juu ya seli.

Tone la maji liwe tayari kwenye slaidi kabla ya kuvuta ngozi. Ikikaa hewani hata sekunde chache huanza kujiviringa, na kuinyoosha tena ni kazi ya kukatisha tamaa. Ilaze juu ya maji, uinyooshe kwa ncha ya sindano.

Kioo cha kufunikia kisidondoshwe. Kigusishe ukingo mmoja kwenye maji kikiwa kimeinama nyuzi 45 hivi, kisha kishushe polepole kama unavyofunga kitabu. Hapo ndipo viputo vingi vinapozaliwa au kuzuiwa. Vikibaki viwili vitatu, viache, tena mwonyeshe mtoto kimoja kwa jina lake: "Hiki ni kiputo, hakina ndani." Akikijua hatakichora.

Mzunguko wa kwanza usitie rangi. Najua vitabu husema tia iodini mara moja, nami sikubaliani. Bila rangi mtoto anaona kuta tu, na hicho ndicho anachotakiwa kuona kwanza. Aanze na lenzi ya kukuza mara 4 (pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10, jumla mara 40), apate mistari, kisha ahamie ya mara 10. Kama haoni kitu ila weupe, tatizo karibu kila mara ni mwanga mwingi. Punguza tundu la mwanga chini ya jukwaa, na kuta zitajitokeza kama mistari ya penseli. Skrubu kubwa ya kulenga itumike na lenzi ndogo pekee. Ukiizungusha ukiwa kwenye lenzi ya mara 40 utavunja slaidi, na pengine kukwaruza lenzi. Na kama hadubini ina kioo cha kuakisi mwanga badala ya taa, kisielekezwe kwenye jua hata mara moja. Jicho linaungua.

Akishahesabu na kuchora, ndipo uweke tone la iodini ukingoni mwa kioo cha kufunikia na kipande cha karatasi ya tishu ukingo wa pili. Tishu inanyonya maji, iodini inaingia. Iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda inafaa pia, ikichanganywa na maji hadi ifanane na chai isiyo na maziwa. Baada ya dakika mbili hivi kila chumba kinatokeza kidoa cha manjano iliyoiva.

Vyumba vilivyokuwa vitupu sasa vina mwenyeji. Mtoto akiona badiliko hilo likitokea mbele ya macho yake, kiini kwake kinakuwa kitu alichokigundua.

Mwambie atazame kidoa kimekaa wapi. Katika vyumba vingi kimeegemea ukuta. Asikiweke katikati kwa ajili ya uzuri.

## Kijani kiko wapi, basi?

Sasa ndipo swali ambalo yule mtoto wa mwanzo hakupewa nafasi ya kuliuliza. Mimea ni ya kijani. Hizi ni seli za mmea. Mbona hazina kijani?

Usimjibu. Mpe jani.

Jani la kawaida ni nene mno. Ukiliweka zima utaona giza la kijani. Tafuta jani lenye unene wa seli moja au mbili. Elodea, mmea wa majini unaowekwa kwenye matangi ya samaki, una majani yenye tabaka mbili tu za seli. Vimea vidogo laini vinavyotanda kama zulia kwenye mawe na kuta zenye unyevu navyo vina majani madogo ambayo sehemu kubwa ni tabaka moja. Chomoa jani moja, liweke kwenye tone la maji, funika. Hakuna kumenya, hakuna rangi ya kutia.

Kwenye kukuza mara 400 rangi ya kijani inajigawa kuwa vidonge vidogo, kila kimoja kama milimita 0.005 kwa upana. Seli yenyewe haina rangi, vidonge ndivyo vyenye rangi. Hili hushangaza hata watu wazima.

Ukiwa na Elodea, acha slaidi chini ya taa dakika tano hadi kumi. Maji yasiwe baridi. Mara nyingi utaona vidonge vikianza kusafiri, vinafuatana kandokando ya ukuta kama watu wanaozunguka uwanja. Mwulize mtoto kwa nini havikatizi katikati. Akifikiri vizuri atasema kuna kitu katikati kinachovizuia, na hapo amekutana na vakuoli, mfuko wa maji ambao katika seli ya mmea iliyokomaa unaweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya nafasi yote. Haonekani kwa macho kwa sababu ni maji ndani ya maji. Anaonekana kwa nafasi anayowanyima wenzake.

(Nimemwita vakuoli "anaonekana" kama mtu. Watoto hufanya hivyo, nami nimezoea.)

## Utando usioonekana

Mtoto mjanja atakuuliza: mchoro unasema kuna utando ndani ya ukuta, mbona mimi naona mstari mmoja?

Yuko sahihi. Utando wa seli una unene wa nanomita 7 au 8. Hadubini ya mwanga, hata iliyo bora, haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi. Isitoshe utando umebanwa kwenye ukuta na maji ya vakuoli yanayosukuma kwa nje. Hakuna lenzi ya darasani itakayomwonyesha, kwa hiyo anaambiwa aamini tu.

Au mnaulazimisha utando uachane na ukuta.

Chukua kitunguu chekundu. Safari hii ngozi inayotakiwa ni ya upande wa nje wa tabaka, ule uliobinuka, maana ndiko rangi ya zambarau iliko, tena imeyeyuka ndani ya vakuoli. Ngozi hii haivuliki kirahisi kama ile ya ndani. Mtu mzima aikwanyue kwa wembe, kipande kidogo kabisa. Iweke kwenye maji matupu, watoto waone: vyumba vimejaa zambarau hadi kwenye kuta. Kisha koroga chumvi gramu 5, karibu kijiko kimoja cha chai, katika maji mililita 50. Iingize chini ya kioo kwa mbinu ileile ya tishu, mtoto akiendelea kutazama.

Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kunywea. Inaachia pembe kwanza, halafu inajikusanya kuwa donge katikati ya chumba. Kuta hazikusogea. Ukingo wa donge lile ndiko utando uliko sasa. Kwa mara ya kwanza mtoto anaona mipaka miwili mahali alipokuwa anaona mmoja, na anaona pia ni upi uliopitisha maji ya chumvi na ni upi uliozuia rangi isitoke. Ukirudisha maji matupu mapema, seli nyingi hujaza vyumba vyao tena.

Jaribio hili huharibika kwa sababu moja kuliko zote: mtu ametia iodini kwanza. Iodini huua seli, na utando wa seli iliyokufa hauchagui tena. Sababu ya pili ni chumvi kidogo mno. Maji ya chumvi ya kuonja tu hayatoshi. Ya tatu ni ngozi iliyokwanyuliwa kwa nguvu hadi vyumba vimepasuka. Utajua kwa sababu zambarau imekwisha kumwagika hata kabla ya chumvi.

## Shavu, na umbo lisilo duara

Seli za mnyama zilizo karibu kuliko zote zimo mdomoni mwa mtoto mwenyewe. Kijiti safi cha pamba, kila mtoto na chake, kisuguliwe taratibu upande wa ndani wa shavu kama mara tano, kipakwe kwenye slaidi mahali padogo, na moja kwa moja kiingie kwenye dawa ya klorini, kisirudi mezani. Acha slaidi ikauke kidogo, weka tone la bluu ya methilini, ngoja dakika moja au mbili, funika, nyonya rangi iliyozidi. Bluu hiyo haitoki kwenye nguo. Kuna shule zisizoruhusu mate ya watoto darasani, na zina haki. Slaidi zilizotayarishwa zinatosha.

Hapa mtoto huvunjika moyo. Aliahidiwa duara. Anachoona ni vipande vya bluu hafifu vyenye pembe zisizoeleweka, vingine vimekunjika, vingine vimelaliana kama majani makavu. Anainua kichwa: "Mwalimu, hakuna seli."

Zipo, ila zimekataa kufanana na kitabu. Seli za shavu ni bapa kama vigae kwa sababu kazi yake ni kufunika, na kwa kukosa ukuta hujikunja zinapoguswa. Ukimwachia mtoto kanuni ya "mmea ni mraba, mnyama ni mviringo", umempa kanuni itakayomwangusha na seli ya neva, yenye mkia unaoweza kuzidi urefu wa mkono wake. Hata mmea una seli za mzizi zenye nywele ndefu. Seli nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina hata kiini, na bado ni seli. Swali la kuuliza ni lile la ukuta: je, hiki kinashikilia umbo lake chenyewe?

Wengine hukwepa mate kwa kubandika utepe wa gundi kwenye kifundo cha mkono na kuubandua. Utapata seli, ndiyo, lakini ni za ngozi iliyokufa, hazina kiini. Mtoto atakitafuta hadi achoke.

Jambo jingine ambalo mchoro wa ubaoni huficha ni ukubwa. Maumbo yale mawili huchorwa sawa. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya mara 4, na kwenye hadubini nyingi za shule utahesabu upana wa milimita 4 na nusu hivi. Kwa lenzi ya mara 10 upana huo unakuwa 1.8, kwa ya mara 40 unakuwa 0.45. Sasa mtoto ana kipimo. Kama seli sita za kitunguu zimejipanga kwa urefu kwenye milimita 1.8, kila moja ina milimita 0.3. Seli ya shavu itamtokea kama 0.06. Moja ya kitunguu ni urefu wa tano za shavu. Hesabu ya darasa la nne, na inamfikisha mahali ambapo kukariri hakumfikishi.

## Keki, mfuko na boksi

Kuhusu mifano ya keki iliyopambwa kwa peremende sina mengi. Inapendeza, inaliwa, na mtoto anabaki anakumbuka kwamba mitokondria ni nyekundu.

Mfano ninaoupenda una mfuko wa plastiki wa zipu wa lita moja, puto, na boksi la karatasi nyembamba lenye sentimita 10 kila upande. Pika vijiko viwili vya wanga wa mahindi katika maji nusu lita hadi uwe mwepesi unaomiminika, upoe. Hii ni saitoplazimu. Seli ya mnyama: jaza mfuko kwa wanga huo, tumbukiza shanga ya nusu sentimita, funga. Uweke mezani, utandazike. Ubonyeze, ubadilike umbo. Seli ya mmea: puto lenye maji mililita 600 ndani ya mfuko, wanga mililita 200 kulizunguka, shanga, funga, kisha uingize wote kwenye boksi mpaka ujibane. Boksi hilo unaweza kulipangia jingine juu yake.

Shanga ya nusu sentimita inaonekana ndogo mno, na watoto hulalamika. Lakini ndiyo karibu na uwiano wa kiini kwenye seli ya kitunguu, nayo itajikuta imesukumwa pembeni na puto bila mtu kuipanga.

Kisha toa maji mililita 300 kwenye puto, rudisha mfuko ndani. Boksi bado limesimama, ila ukilibonyeza ubavuni linaingia. Hivyo ndivyo mmea usiomwagiliwa unavyonyauka: kuta zote zipo, kilichopungua ni msukumo wa ndani. Wanga huanza kunuka siku ya pili, kwa hiyo usiuweke uwe maonyesho ya wiki nzima.

## Mchoro wa pili

Mchoro wa kitabu nao uletwe sasa, mtoto akiwa na michoro yake minne au mitano mkononi. Apewe kalamu nyekundu na kazi moja: azungushie kila kitu ambacho kitabu kinacho na yeye hajakiona. Mitokondria atazizungushia, na zimo kweli, hata kwenye seli za mmea, ingawa watoto wengi hudhani kloroplasti zimechukua nafasi yake. Ribosomu, vile vitengenezaji vidogo vya protini, atazizungushia, hizo hata hadubini yako haiziwezi. Utando hatauzungushia, kama alifika kwenye chumvi.

Na kloroplasti, atasitasita. Kwenye jani ziliko aliziona. Kwenye kitunguu hapana.

Atakuuliza kama kitunguu hakiwezi kabisa kuwa cha kijani. Mwoteshee kimoja kwenye kikombe cha maji, kitako tu kikigusa maji, dirishani. Baada ya siku kadhaa kitatoa majani. Lipasue jani moja, ukwangue kidogo sana ule ubichi wa ndani kwa ncha ya wembe, uutandaze kwenye tone la maji, ufunike. Penseli ya kijani iwe karibu.